Unga wa Mwani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidoti alimpelekea bibi yake kidonge cha presha na glasi ya maji. Bibi alikimeza amekunja uso, akinung'unika kwamba tumbo lake limegeuka duka la dawa.

Siku moja shangazi, aliyefanya kazi maabara, akamweleza Kidoti shughuli zao. Walichukua protini za mwani, wakazikata vipande vidogo mno viitwavyo peptidi, wakachunguza kama huenda vikasaidia kushusha presha. Kidoti aliibeba habari hiyo nusunusu. Alichota unga wa mwani ambao shangazi hutia kwenye uji wake, akamwambia bibi, "Shangazi amesema huu unatosha. Vidonge uache."

Bibi alifurahi kama aliyefunguliwa kamba. Siku ya nne alishindwa kuinuka kitandani. Kichwa kilimgonga na macho yakaona ukungu.

Shangazi na Kidoti wakampeleka hospitali. Muuguzi alimpima, akarudia kumpima, uso ukambadilika. Aliuliza dawa ziliachwa lini, na kwa nini. Kwa sauti ya chini bibi akajibu kwamba binti yake wa maabara ndiye aliyemshauri. Muuguzi akamgeukia shangazi, akamuuliza mtu aliyesoma anawezaje kufanya jambo kama hilo. Shangazi akamtazama bibi kwa mshangao.

Kidoti alitamani ardhi ipasuke immeze. Akinyamaza, lawama itamwangukia shangazi, na daktari hatajua bibi amekunywa nini.

"Si shangazi," alisema. "Ni mimi niliyemdanganya bibi. Amekunywa unga wa mwani siku tatu, bila vidonge."

Muuguzi hakumkaripia. Aliandika upesi, akamwita daktari.

Saa mbili nzima Kidoti alikaa kwenye benchi, akiinuka kila mlango ulipofunguka. Hatimaye daktari akatoka na kusema presha imeanza kushuka.

Shangazi akashusha pumzi. "Sisi wenyewe bado hatujui kama peptidi zile zitamfaa mgonjwa," alimwambia Kidoti. "Mimi nilikupa 'huenda', wewe ukampa bibi 'hakika'. Hilo ndilo lililomlaza. Dawa ya mgonjwa huachishwa na daktari, si mimi wala wewe. Na ukikosea, sema, hata kama midomo inatetemeka. Leo umesema, ndiyo maana ametibiwa mapema."

Kidoti akaingia wodini kuomba radhi, lakini machozi yakamtangulia. Bibi alijisogeza ukutani, akampisha nafasi ya kukaa kitandani.