Kengele ya Galgalo

Haya alinihadithia Nelly, rafiki yangu wa Garsen, na Nelly hana tabia ya kutia chumvi. Kijijini kwao, karibu na Kipini, samaki walikuwa wakiibwa mitegoni na lawama zikamwangukia babake Mwaro, binamu yake. Basi Nelly na Mwaro wakaapa kumnasa mwizi. Galgalo, mfugaji, akawaazima kengele ya ng'ombe, kaijaza nyasi isilie njiani. Wakaifunga kwenye kamba ya mtego.

Giza lilipoingia, ikalia mtoni. Wakakimbia, wakavuta kamba. Mtego ulikuwa mtupu.

“Nelly,” Mwaro akanong'ona, “zile nyasi hatukuzitoa.”

Akaishika kengele. Nyasi zilikuwa bado zimeshindiliwa, ulimi wake hausogei.

Nyuma yao, kwenye njia ya kurudi nyumbani, mlio uleule ukaanza tena.