Herufi ya Saba

Wewe ungefanya nini ukisikia mashine inazunguka, na plagi yake umeishika mkononi?

Fundi aliganda mlangoni mwa karakana yake, chumba cha nyuma ya nyumba, saa nane mchana, jua kali. Mota ilining'inia kwenye ndoano kama kawaida. Kutoka kwake ulishuka ule mrija mrefu unaopindika, na mwishoni kijiti cha kushika kama kalamu, chenye ncha ya almasi ya kuchongea vito. Ncha ilikuwa inavuma. Chini ya meza, kanyagio lilibonyea taratibu, kama kwa mguu wa mtu asiye na haraka.

Harufu haikuwa ya jiwe lililolowa. Ilikuwa ya kucha inayoungua.

"Mama, tazama," binti yake wa miaka saba akasema nyuma yake. Kwenye ukucha wa gumba palichongwa herufi moja, safi, imegeuka kinyume. "Wala haiumi."

Mumewe alicheka. Mtaani walimwita Profesa, na bango la duka lilikuwa na picha yake ameshika kijiti cha mashine juu chini. Wateja waliamini yeye ndiye mchongaji. Mkewe alishachoka kuwasahihisha.

"Watoto na kalamu zao, mke wangu. Mpe sabuni."

Sabuni haikufua dafu. Kesho yake ikaja herufi ya pili, kwenye ukucha wa kidole kilichofuata, kesho kutwa ya tatu, na kila herufi ilipoingia sauti ya mtoto ilififia: kwa ya nne alisikika kama yuko chumba cha pili, kwa ya tano kama yuko ndani ya mtungi, na kwa ya sita, mama yake akiwa amempakata, sikio limegusa midomo yake, alisikia kitu chembamba kama mbu kikisema, Mama, huku kunabana.

Fundi akavisogeza vile vidole mbele ya kioo. Herufi zikasomeka, naye akazijua. Zilikuwa za muhuri wa pete iliyokuwa bado kwenye droo yake, ya bibi mmoja mganga ambaye kidole chake kilivimba. Bibi aliagiza: pete ipanuliwe, jiwe lisiguswe. Herufi zake saba.

Bibi akaitwa. Akaigandamiza pete kwenye nta, akatazama: herufi zilitokea kinyume.

"Nani kaligeuza jiwe langu?" alinong'ona. "Muhuri huchongwa kinyume ili ukigongwa usomeke."

"Hilo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza analijua," Fundi akajibu kwa sauti ya chini. "Mimi nilipanua pete tu, bibi. Naapa."

"Basi aliyechonga si mchongaji. Jini nilimfungia humo miaka arobaini. Sasa yeye yuko nje, na herufi ya saba ikikamilika, mwanao atabaki ndani ya jiwe badala yake. Aliyefanya aseme kwa kinywa chake, na aseme yote, ndipo mtoto ataachiliwa. Nusu haikubaliki."

"Pengine ni unyevu," Profesa akasema, jasho likimtiririka. "Mawe hubadilika, bibi. Kitaalamu."

Kanyagio likabonyea.

Ncha ikaanza kuvuma, kisha kulia, na mrija ukainuka wenyewe kutoka mezani, ukapinda, ukapita karibu na shavu la Fundi hata akahisi upepo wake, naye akaung'ang'ania kwa mikono miwili na ukamburuta kama mbuzi wa kamba, huku ile harufu ya kucha ikijaa chumba, na mtoto, mdomo wazi akilia bila sauti hata chembe, akinyoosha mwenyewe kidole cha saba.

"Labda niliigusa kidogo..." Profesa akasema.

Mashine ikaongeza kasi.

"Ni mimi!" Profesa akapiga magoti. "Mteja alitaka nimwonyeshe kazi, nikaichukua pete ya bibi. Ncha iliruka, ikala herufi. Nikalisawazisha jiwe lote, nikachonga upya kwa kunakili alama ya muhuri ambayo bibi aliigonga kwenye risiti, vilevile inavyosomeka!"

Kanyagio likapanda, likaishia katikati. Ncha ilikuwa imefika kwenye ukucha, bado inazunguka, inasubiri.

Profesa akamtazama mkewe.

"Sijui kuchonga," akasema. "Sijawahi kujua. Kazi zote zilikuwa zako."