Viti Saba vya Majaji

Jumamosi mchana, mke wa mwanangu alikuwa anapiga pasi vitambaa vya viti. Nilikuwa nimemaliza sala yangu, nikakaa karibu naye kumsaidia kukunja. Yeye ni mhudumu wa mahakama. Anafagia, anapanguza meza, anabeba majalada. Kazi yenyewe ilikuwa ya muda wa miezi sita, na mwezi wa sita ndio huo uliokuwa unaisha.

Jumatatu kulikuwa na sherehe ya kufungua mwaka wa mahakama. Msajili, yaani mkuu wake wa kazi, alimwagiza apange viti saba vya majaji na kuweka kibao cha jina mbele ya kila kiti. Alimwambia, "Ukilifanya hili vizuri, tutazungumza habari ya ajira ya kudumu."

Mke wa mwanangu alikuwa amekwisha kuchora mpango wake kwenye karatasi. Jaji mmoja mzee mwenye ndevu nyeupe alimweka wa pili, ubavuni mwa Jaji Mkuu. Jaji mmoja mwanamke, mwenye umri mdogo kuliko wote, alimweka wa mwisho kabisa.

"Umejuaje nani akae wapi?" nikamuuliza.

"Mama, nimewaangalia mvi," akasema. "Mkubwa mbele, mdogo nyuma. Si ndivyo unavyotufundisha humu ndani?"

Nikaona ni sawa. Hata mimi ningepanga hivyo hivyo.

Jirani yetu akapiga hodi, amekuja kurudisha ngazi. Tunamwita Bwana Faili. Alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini, na hata leo barua zake za nyumbani anazitoboa na kuzifunga kwa uzi. Akaiona ile karatasi mezani. Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Binti, unataka kumfedhehesha mzee wa watu."

"Mimi? Huyo nimemheshimu kuliko wote."

"Umempa kiti kisicho chake. Ukubwa wa jaji hauhesabiwi kwa mvi. Jaji Mkuu anatangulia kwa cheo chake. Waliobaki wanafuatana kwa tarehe ya kuteuliwa kuwa jaji. Aliyeteuliwa mapema ndiye mkubwa. Huyu mzee alikuwa wakili miaka mingi, ujaji ameuingia mwaka jana tu. Pale kwenye benchi ni kitinda mimba."

Nilicheka hadi kitambaa kikaniponyoka. Kitinda mimba mwenye ndevu nyeupe!

"Na walioteuliwa siku moja?" mke wa mwanangu akauliza. "Nasikia wapo wawili."

"Hapo kila mahakama ina kanuni yake. Kwetu wanafuata tangazo la uteuzi. Aliyetajwa kwanza anatangulia. Lakini usikisie. Orodha anayo msajili."

"Mzee, si ni viti tu?"

"Ingekuwa viti tu nisingevaa miwani. Majaji watatu wakisikiliza kesi pamoja, mkubwa wao ndiye anayeongoza kikao. Sasa kila mmoja akidai ukubwa kwa umri, au kwa kujuana na wakubwa, kesi za watu zitasikilizwa saa ngapi? Tarehe haimpendelei mtu. Tena ujue, wakifika kwenye kuamua, kura ya mdogo ina uzito ule ule wa mkubwa."

Mke wa mwanangu akaisimamisha pasi. Nilijua kinachomsumbua. Kumpigia msajili ni kukiri kwamba hajui, na kazi bado haijawa yake.

"Ataniona sifai," akasema.

"Mwanangu," nikamwambia, "aibu ya leo tutaiona sisi watatu humu sebuleni. Ya Jumatatu itaonwa na ukumbi mzima."

Akachomoa pasi, akapiga simu. Msajili akamsomea orodha polepole, naye akaandika. Mwishoni nikaisikia sauti ya yule bwana: "Afadhali umeuliza. Aliyekutangulia alikisia."

Aliyemtangulia aliishia wapi hakusema, nasi hatukuuliza.

Jumatatu niliketi nyuma ukumbini. Majaji wakaingia kwa mstari. Yule mwanamke alikaa wa pili, ubavuni mwa Jaji Mkuu. Kumbe aliteuliwa miaka kumi na miwili iliyopita. Mzee mwenye ndevu aliingia wa mwisho, taratibu, akakaa kwenye kiti cha mwisho kama mtu aliyefika kwake.

Mama mmoja kando yangu akanong'ona, "Mbona mzee wa watu wamemweka mkiani?"

"Ndiye mgeni wao," nikamwambia. "Hapa wanahesabu tarehe."

Sherehe ilipoisha, msajili alimwambia mke wa mwanangu alete vyeti vyake kesho yake, aandikiwe barua ya ajira. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Tulipokuwa tunatoka, majaji walikuwa wanavua majoho karibu na mlango. Yule jaji mwanamke alilikunja lake, akalilaza mkononi, akamwendea mzee na kuinama kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkubwa wangu," mzee akajibu. Akamfungulia mlango, akangoja apite kwanza.