Kinanda Kilichosahauliwa Garini

Kila Jumamosi asubuhi Laurencia, mwanafunzi wa darasa la sita mjini Karatu, alimsaidia baba yake mdogo kuosha gari. Baba mdogo Fredrick alikuwa dereva wa watalii, na gari likitoka Ngorongoro lilijaa vumbi hadi ndani ya droo. Chini ya viti hakukukosekana kitu: kofia, miwani, siku moja hata soksi ya mguu mmoja. Fredrick alikuwa na sheria moja tu. Kilichosahauliwa na mgeni kinarudi ofisi ya kampuni ya utalii, hata kama ni soksi.

Jumamosi hiyo Laurencia aliokota kinanda kidogo cha mdomo. Akakipuliza kwa siri, kikalia vizuri ajabu. Akakificha mfukoni, kisha akaendelea kusugua tairi lililokwisha kutakata.

Jumatatu darasa zima lilipanga foleni nyuma ya jiko la shule. Laurencia alipuliza, akampa Lightness, Lightness akampa Benson. Benson alipuliza mara mbili, kwa sababu ndiye Benson. Aliyekataa ni Sitonik peke yake, mwanafunzi mgeni kutoka kijiji cha Piyaya.

"Kimelowa mate," alisema.

Wakamcheka. Kelele zilipozidi, Mwalimu Mkuu Silvanus akaja, akawanyang'anya kinanda na kukifungia ofisini.

Kufikia Alhamisi darasa lilikuwa likikohoa kwa zamu. Sitonik tu ndiye aliyekuwa mzima kama chuma, na hilo ndilo lililomponza.

"Mgeni ni yeye, na haumwi!" Benson alisema. "Basi yeye ndiye katuletea!"

Sitonik akahamishiwa dawati la peke yake. Laurencia, aliyekuwa akikaa naye, alijisikia vibaya sana, lakini alinyamaza. Aliogopa kumwudhi baba mdogo.

Bi Ester, mtaalamu wa afya, alikuja kuchukua vipimo vya makamasi. Wiki iliyofuata alirudi na majibu.

"Haya ni mafua ya aina ambayo hatukuwa nayo nchini," alisema. "Maabara imelinganisha, na kirusi hiki kinafanana na kile kinachosumbua watu Ulaya sasa. Hakina miguu. Kimepanda ndege na mtu. Nani amekutana na msafiri?"

"Sitonik ametoka Piyaya!" alisema Benson.

"Piyaya ni Ulaya?"

Darasa likaangua kicheko, kisha kikohozi.

"Hata hivyo," alisema Mwalimu Mkuu, "barua ya kumrudisha kwao kwa muda nimeshaiandika."

Sitonik alianza kukusanya madaftari yake taratibu, bila kumtazama mtu. Laurencia hakuweza kuvumilia tena. Akasimama.

"Ni mimi! Niliokota kinanda kwenye gari la watalii, tukakipuliza kwa zamu. Baba mdogo alisema mgeni wake mmoja alipiga chafya njia nzima mpaka Kreta ya Ngorongoro."

Bi Ester hakumgombeza. Alichukua chaki, akaandika majina kwa kufuata foleni ya kupuliza, na kando ya kila jina siku kikohozi kilipoanza. Laurencia, Jumanne. Lightness, Jumatano. Benson, Jumatano, tena asubuhi na mapema. Sitonik hakuwamo.

"Baada ya hapo kilikwenda kwa nani?"

"Kwa Mwalimu Mkuu," darasa likajibu kwa pamoja.

"Mimi nilikifungia tu drooni," alisema Mwalimu Mkuu, kikohozi kikamkatisha.

Bi Ester akamtazama. "Ulipiga wimbo gani, Mwalimu?"

"Ubeti mmoja tu." Alijifuta uso. "Na kiitikio."

Akaichana barua, akamwomba Sitonik radhi mbele ya darasa. Laurencia naye akaomba radhi, machozi yakimtoka.

"Nilisema kimelowa mate," Sitonik alimjibu, akarudi dawati lao.

Jioni Laurencia alimweleza Fredrick kila kitu. Fredrick alikasirika, kisha akampigia simu Bi Ester kumweleza mgeni yule alifikia hoteli gani, ili waliokutana naye wapimwe. Kinanda kikasafishwa kwa sabuni, na Laurencia mwenyewe akakipeleka ofisi ya kampuni.

Jumamosi iliyofuata aliokota soksi chini ya kiti. Aliishika kwa vidole viwili, akaipeleka kwa baba mdogo mbiombio.

"Sasa umeelewa," Fredrick alisema akicheka. "Wageni tutawapokea, ndiyo kazi yetu. Lakini ugonjwa ukija nao, anayeweza kuuzuia ni yule anayesema ukweli mapema. Wewe ulinyamaza wiki nzima, na mwenzako asiye na kosa akakaa peke yake wiki nzima."