Bustani ya Uvundo

Saa mbili asubuhi nzi-bati mia mbili waliachiwa kutoka kwenye kopo lao, wakaingia mmoja mmoja ndani ya ua jekundu lenye upana wa beseni la kufulia. Walikuwa roboti wadogo, kila mmoja sawa na punje ya mtama, na kazi yao ilikuwa kubeba chavua kutoka ua hadi ua, kazi ambayo nzi wa kweli waliifanya ovyo. Mhandisi mstaafu Anzeruni Mkude alisimama uani kwake, mjini Morogoro, akiwatazama kwa mapenzi. Halafu akaliinamia ua lile, akavuta pumzi ndefu kwa pua, akatabasamu.

Ua lilinuka mzoga. Wala si ile harufu ya mbali ya kitu kilichofia kichakani; ulikuwa mzoga wa siku nne, wenye maji. Mmea wenyewe alikuwa ameuunda yeye kwa kuchanganya mbegu za misitu mitatu ya nchi za joto, akauita mvundo. Chini ya udongo ulizaa kiazi kikubwa cheupe, kitamu kuliko magimbi, na juu ulitoa ua ambalo watu walisafiri kutoka miji ya mbali kuja kulipiga picha. Lakini utamu na uvundo vilikwenda pamoja: ua lilivyozidi kunuka ndivyo kiazi kilivyokolea. Basi mzee mzima, mwenye shahada tatu, alikuwa akinusa uozo kila asubuhi na kuupa alama kwenye daftari. Mimi ninayesimulia nimewahi kuandaliwa kiazi hicho mezani, na sikuweza kukimeza.

Majirani nao walichoka kutapika. Walipopeleka malalamiko, serikali ya mtaa iliamua kwamba nyumba zote kumi na moja zinazomzunguka zikubali bustani ibaki, la sivyo mivundo ing'olewe. Ndipo Anzeruni akatengeneza punje-pua. Ilikuwa chembe laini iliyopachikwa juu ndani ya tundu la pua. Ilisoma kila harufu inayopita na kuizima ile moja iliyofundishwa, kabla haijafika kwenye ubongo. Mtu aliendelea kusikia harufu ya pilau, ya sabuni, ya mvua. Uvundo tu ndio uliofutika. Nyumba kumi zilikubali ndani ya wiki moja.

Iliyobaki ilikuwa ya Bi Mwajabu, mjane wa miaka sabini, ambaye dirisha la chumba chake lilifungukia moja kwa moja kwenye bustani.

"Mimi nina sukari, Mkude," alimwambia, wameketi kwenye mkeka wake wakinywa chai. "Miguu imekufa ganzi, nikikanyaga msumari sijui. Macho ndiyo haya, ukungu mtupu. Kila asubuhi navua soksi nainusa. Ikinuka, naenda hospitali. Ndivyo nilivyouokoa mguu huu mara mbili."

"Dada, punje inazima mvundo peke yake."

"Una hakika?"

"Nimeifundisha mwenyewe."

Hakudanganya. Hakujua tu, na hakutaka kujiuliza swali ambalo jibu lake lingemng'olea bustani. Mivundo iliwavuta nzi kwa sababu ilitoa hewa zilezile zinazotoka kwenye nyama iliyooza, na punje haikuwa na namna ya kutofautisha. Mtu aliyeitwa mhandisi alipaswa kulijua hilo kabla hajamaliza kunawa uso.

Alikwenda kwake siku nane mfululizo, kila siku na bakuli la viazi vya nazi. Bi Mwajabu alikuwa mtu wa ujirani. Mke wa Anzeruni alipofariki, yeye ndiye aliyewapikia waombolezaji siku zote tatu za matanga. Aliona haya kuwa yeye peke yake ndiye atakayeiua bustani ya jirani yake. Siku ya tisa aliinua uso, akapachikwa punje.

Anzeruni mwenyewe hakuvaa. Angeyapimaje maua yake?

Miezi miwili baadaye, Jumatatu moja, alisikia jambo jipya uani. Uvundo ulikuwa mzito zaidi, una utamu fulani unaokwama kooni, na ulizidi upande wa ukuta wa Bi Mwajabu, palipokuwa na mche namba saba. Alipiga magoti akaunusa mche ule mpaka machozi yakamtoka. Akaandika: "Namba saba. Bora kuliko yote." Kesho yake ukazidi. Siku ya sita aliita wageni, nao wakaja na leso puani, wakampigia makofi. Kila alasiri alikwenda kunywa chai kwa jirani yake kama kawaida, na hata humo ndani aliusikia. Alifurahi kwamba namba saba una nguvu ya kupenya ukuta.



Siku ya kumi na moja alifika Sikudhani, binti wa kaka yake Bi Mwajabu, kutoka Kilosa. Yeye hakuwa na punje. Shikamoo yake ilikatikia mlangoni. Alikimbia nje, akatapika kwenye karai la nguo.

"Ni maua yangu hayo, mwanangu," Anzeruni alimwambia kwa upole, kikombe mkononi. "Utazoea."

"Maua gani yananuka ndani kwa mtu, mzee?"

Alijifunga kanga puani akarudi ndani, akamvua shangazi yake soksi. Ilitoka na ngozi. Vidole vitatu vilikuwa vyeusi, na kati yake funza walikuwa wakicheza. Nzi wa kweli, waliopokonywa maua, walikuwa wamepata pa kutagia.

"Kuna nini?" Bi Mwajabu aliuliza. "Asubuhi nimeinusa, safi kabisa."

Mguu ulikatwa juu ya goti. Siku ya nne Anzeruni alikwenda hospitali, akaketi pembeni ya kitanda, akaeleza yote: hewa za uozo, punje, kosa la kuifundisha. Alieleza vizuri, kama mtu aliye mbele ya darasa. Bi Mwajabu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa," alisema. "Mimi sikusikia kwa sababu ya punje. Majirani walioingia na kutoka hawakusikia kwa sababu ya punje. Wewe je, Mkude? Umekaa kwenye mkeka wangu kila alasiri."

Angeweza kusema alikuwa na mafua. Sikudhani, aliyesimama dirishani, aligeuka kumtazama.

"Nilisikia, dada."

"Ukadhani nini?"

"Nilidhani maua yangu yamestawi. Nilifurahi. Niliita watu waje wanuse."

"Wangapi?"

"Kumi na wanne."

Bi Mwajabu alivuta shuka taratibu mpaka kidevuni.

"Watu kumi na wanne wamekuja kuninusa," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyepiga hodi."