Mkunga wa Mvua ya Mawe

Tulisimama kununua gesi. Hilo tu. Mtungi ulikuwa umekwisha na mama alitaka chai.

Jua lilikuwa linazama, ingawa lenyewe hatukuliona. Wingu lilikuwa limelala juu ya kituo cha mafuta, kijani kwa chini, kama jipu lililoiva. Mhudumu wa pampu alitutolea mtungi, kisha akalitazama gari letu kuanzia magurudumu hadi paa.

"Hii nyumba au gari?"

"Vyote viwili," mume wangu akajibu.

"Basi leo nyumba yenu itapigwa hodi juu kwa juu. Hapa chini ya paa malori yamejaa. Egesheni kule ukutani, mbali na ule mti. Pua ya gari ielekee upepo unakotoka, kioo cha mbele ndicho kigumu. Na mkiwa na godoro, kikingeni kioo nalo."

"Na sisi tulalie nini?"

"Kulala?" Akacheka. "Leo?"

Gari lilikuwa la kukodi. Lilikuwa na kitanda nyuma, jiko la gesi, sinki, benchi, meza ya kukunja na choo cha kujibana. Tulilichukua kwa ajili ya mama. Kwenye basi asingeweza kukaa safari nzima; angetaka choo, angetaka kulala, angewauliza abiria wote ni wana wa nani.

Mama alikuwa mkunga miaka yake yote ya nguvu. Alikuwa na desturi moja ambayo haikuvunjwa na mvua wala homa: anayebisha anafunguliwa kwanza, kisha ndipo anaulizwa. Alisema anayeuliza kabla ya kufungua anatafuta sababu ya kutofungua. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikienda naye kubeba taa na kuchemsha maji. Kisha uzeeni akili ikaanza kumtoka kidogo kidogo, kama maji kwenye kikapu. Majina yalitangulia. Nyuso zikafuata. Uso wangu ulikuwa wa mwisho, lakini nao ulikwenda.

Nilimtunza hadi nikaisha. Kila usiku nilikuwa nikilia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa ili asisikie. Kaka yangu mkubwa akasema, mlete kwangu, huku kuna watu wengi. Nikakubali. Lakini nilimwambia mume wangu sharti langu: akinitambua, hata mara moja, kabla hatujafika, tunageuza gari. Tunarudi naye nyumbani.

Siku nzima nilikaa naye nyuma nikimtazama.

"Dereva," alimwambia mkwewe, "nishushe hapo mbele."

"Hapo hapashushwi, mama. Trafiki wakali."

"Na huyu dada ndiye kondakta wako?"

"Ndiye. Mkali kuliko trafiki."

Walicheka wote wawili. Mimi nikageukia dirishani.

Tukaegesha ukutani. Mume wangu akaburuta godoro hadi mbele, akavuta pazia linalotenga viti vya mbele na chumba chetu, akaliegemea godoro kwa mgongo. Mimi nikaunganisha mtungi na jiko, nikaweka birika motoni, nikamketisha mama kwenye benchi la katikati, mbali na vioo.

Jiwe la kwanza likapiga paa.

Moja.

Kimya...

La pili. La tatu. Kisha mbingu ikamwaga kila ilichokuwa nacho. Sijawahi kusikia kelele kama ile. Nilimwita mume wangu na sikusikia sauti yangu mwenyewe. Vikombe vilicheza kwenye sinki. Dirishani niliona mawe meupe yakidunda lami hadi usawa wa kiuno. Harufu ya majani yaliyopondeka ikaingia, na nyuma yake harufu nyingine niliyoijua tangu utotoni, lakini sikukumbuka mara moja ni ya nini.

Ndipo pakabishwa.

Si paa. Mlango.

Ko. Ko. Ko. Taratibu, kama mtu mwenye adabu zake.

"Hodi..."

Ilikuwa sauti ya kunong'ona. Nami nilikuwa siisikii hata sauti yangu.

Mama akainuka. Kwa miezi mingi alikuwa hawezi kusimama bila kushikwa mkono. Aliinuka kama msichana, akatembea, akafungua. Kelele ikafifia ghafla, kama imebaki nyuma ya ukuta.

Nje kulikuwa na mwanamke. Gauni jepesi, miguu mitupu, mimba ya kuzaa leo. Mawe yalianguka mbele yake na nyuma yake na pande zote mbili.

Alikuwa mkavu.

"Nimekuja kwa mkunga," akasema.

Hakuna aliyemwambia yeyote pale kwamba mama alikuwa mkunga. Nilinyoosha mkono nifunge mlango.

"Toka njiani," mama akaniambia.

"Mama, humjui huyu. Mtazame. Hana hata tone..."

"Kitinda!"

Nikaganda. Mimi ndiye mtoto wake wa mwisho, kitinda mimba wake, na hilo ndilo jina alilonipa. Hakuna mwingine duniani anayeniita hivyo, na lilikuwa halijapita mdomoni mwake kwa muda mrefu sana.

"Kitinda, unasimama unanikodolea macho nini? Maji ya moto. Taulo safi. Nawa hadi viwikoni. Unataka kufundishwa leo?"

Machozi yakanibubujika hapo hapo. Alinitambua. Nilitaka kukimbilia pazia nimwambie mume wangu, washa gari, geuza, tunarudi! Badala yake nikanawa hadi viwikoni. Ningefanya lolote ili aendelee kuniita.

Mwanamke alipanda ngazi. Gari likazama upande wake kwa uzito. Akalala kwenye benchi bila kuambiwa, na sasa nikaikumbuka ile harufu. Ilikuwa harufu ya chumba cha kuzalia. Lakini baridi.

Pumzi zetu, mimi na mama, zilikuwa zinatoka moshi. Yake haikutoka.

"Pumua, mwanangu," mama akamwambia, kwa ile sauti yake ya zamani. "Usisukume bado. Nani alikutuma utembee na hali hii? Wanaume wa kwenu wako wapi?"

Mwanamke alitabasamu kidogo. "Wako juu. Wanarusha mawe."

"Wavivu," mama akasema. "Haya. Sasa."

Mikono yake ilifanya kazi bila kutetemeka. Nilishika taulo. Nikasikia kitu kikipasuka juu yetu, kile kifuniko cha plastiki cha tundu la hewa, na vipande vikaniangukia mabegani pamoja na barafu. Sikuinua macho. Niliogopa nikiyaondoa kwa mama atanisahau tena.

Kisha kimya.

Mvua ya mawe ilikatika kama uzi.

Mtoto hakulia. Mama alimpokea, akamgeuza, akamweka kwenye taulo mikononi mwangu. Alikuwa mzito kupita kiasi. Alikuwa na baridi iliyounguza kama chuma cha moto, ikapanda kwenye viganja, viwiko, mabega... kisha sikuhisi chochote. Nilimtazama usoni. Alikuwa ananitazama tayari.

Mwanamke akaketi. "Mkunga hadai," akanong'ona, "lakini kwetu mkunga hulipwa. Omba. Jambo moja."

Nikamwinamia mama sikioni. "Omba akili yako, mama. Tafadhali. Sema tu, akili yangu irudi."

Mama alinigeukia. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikitoka shule nimeanguka, akitafuta palipoumia.

"Huyu analia kila usiku," akamwambia yule mwanamke. "Anafungua maji akidhani sisikii. Simkumbuki asubuhi, lakini usiku ninamsikia."

"Mama, hapana."

"Chochote kinachomliza, mwondolee."

Mwanamke alinitazama kwa muda mrefu, kama fundi anayepima kitambaa kwa macho. "Chote?"

"Chote," mama akasema.

Sikumbuki mlango ukifunguliwa.

Mume wangu alipovuta pazia nilikuwa nimesimama katikati ya gari, nimekunjua mikono, taulo limelowa, maji yananitiririka hadi miguuni. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi, miguu pamoja, mikono mapajani.

"Chai yangu iko wapi?" akauliza. Akanitazama. "Na wewe ni nani?"

Swali hilo lilikuwa likinichana kila siku. Nilisubiri linichane.

"Kondakta," nikamjibu. Nikamimina chai.

Tukafagia barafu na plastiki. Mume wangu aliokota jiwe moja lililobaki chini ya meza, kubwa kama kichwa cha mtoto, akalitupa nje upesi kuliko ilivyohitajika.

"Ni hili ulikuwa umelishika," akasema. "Limeingia kwa juu, mama akalifunga taulo. Umepata mshtuko."

"Labda."

"Nilisikia mama anaongea. Nilikusikia na wewe. Sauti ya tatu sikuisikia." Akautazama mlango. Kisha, kwa sauti ya chini sana: "Lakini gari lilizama mara moja, kama mtu amepanda. Na baadaye likainuka... mara mbili."

Nikalikamua taulo. Naye hakurudia tena maneno hayo, hadi leo.

"Alikuita Kitinda," akasema. "Hilo nililisikia vizuri. Alikutambua, mke wangu." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Akashika ufunguo. "Tunageuza?"

Nilijitafuta ndani. Nilimtafuta yule mtu aliyeweka lile sharti. Nilijua maneno yake yote, nilijua hata kwa nini aliyasema. Ilikuwa kama kusoma kibao kwenye mlango wa nyumba ya wengine.

"Endesha," nikasema. "Kaka anatungoja."

Alfajiri tulikuwa tumefika. Kaka alitoka na wanawe, wakapokea mizigo. Mama hakutaka kushuka. Nilipomvusha ngazi alinishika mkono wa nguo, akaning'ang'ania kwa vidole vyote. Akaanza kulia, kwa sauti, mbele za watu. Kaka aligeuka pembeni. Mume wangu alikwenda nyuma ya gari.

Nikavifungua vidole vyake kimoja kimoja. Vilikuwa vidole tu.

Nilipofikia cha mwisho aliacha kulia. Aliutazama uso wangu, akautazama tena, akatafuta palipoumia, hakupaona. Nikaona akielewa. Alikuwa yeye, mzima, kwa kitambo kidogo kile.

"Kitinda," akanong'ona. "Nilidhani ninakusaidia."

"Umenisaidia, mama," nikamwambia.

Nikapanda gari.

Madaktari wanasema mikono yangu itarudi kuhisi, mishipa huchukua muda. Huwa nawajibu vizuri. Mama alizikwa msimu uliofuata; nilipika, nilipokea wageni, nilipanga viti, watu wakasifu ujasiri wangu. Usiku wa siku ile niliingia bafuni, nikafungua maji, nikasimama pale nikiyasikiliza.

Yalikuwa maji tu.

Mvua ikianza kupiga bati, mume wangu huhama chumba. Hasemi kwa nini. Mimi hubaki, mikono nimeikunjua mapajani, nikisikiliza kama patabishwa. Nitafungua. Nimesahau tu ni nini nilichotaka kumwomba yule mwanamke anirudishie.