Kibuyu cha Mama Mkwe

"Weka hicho kibuyu chini, Gidabuday."

Mume wangu aliganda kando ya kitanda cha mtoto wodini, suruali imejaa makapi ya ngano. Alikuwa ameacha kombaini shambani katikati ya mavuno. Nikadhani amekuja kutuona.

"Ni siagi kidogo tu, Benedikta. Mama ameniapisha. Kwetu kila mtoto hulambishwa."

"Kila mtoto aliyetimiza miezi yake. Huyu kazaliwa na miezi saba."

"Na hayo unayomkamulia kwenye kikombe? Mama anasema maziwa ya kwanza ni machafu, ya njano kama usaha."

"Aje aniambie mwenyewe."

"Yuko nje."

Nesi Scolastica akaacha kushughulika na mpira wa puani.

"Baba, utumbo wa huyu haujakomaa. Ukuta wake mwembamba, kinga yake bado. Hayo ya njano ndiyo yanayompa kinga. Ukipitisha kitu kingine, wadudu wanapenya, tumbo linavimba. Unaona kitanda kile kitupu? Yule alipewa uji."

Gidabuday alitazama kitanda, akatazama mlango. Ndivyo alivyo. Anaendesha mashine kubwa kama nyumba, lakini mbele ya mama yake anakuwa mtoto.

"Ukimpa, usinitafute," nikasema. "Narudi kwetu Maretadu na mwanangu."

"Mama atasema umenitawala."

"Aseme."

Akatoka na kibuyu. Nikasimama dirishani kusikiliza. Yeye na mama yake walisema Kidatoga, nami nimeishi nao vya kutosha kukielewa.

"Amelamba?"

"Bado. Mama, ndama akizaliwa kabla ya siku zake, unampa nini?"

"Dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake. Swali gani hilo?"

"Hata ikiwa ya njano?"

"Kuna dang'a isiyo ya njano?"

"Na ukimpa maziwa ya punda badala yake?"

"Unataka nimuue?"

"Basi mwanangu ndiye ndama huyo."

"Mke wako amekufundisha kunijibu."

"Hapana, mama. Ni ng'ombe wako."

Mama mkwe akaondoka bila kuniaga. Gidabuday akarudi shambani, ngano haisubiri mtu. Nikabaki nakamua na kupapasa lile tumbo dogo. Laini? Laini. Baada ya muda napapasa tena. Usingizi sikuujua.

Siku moja karani akaniita kwenye redio ya upepo ya hospitali.

"Shamba linauliza: tumbo la mtoto likoje? Ova."

"Laini. Ananyonya mwenyewe sasa. Ova."

"Gidabuday anauliza: na mama mtoto? Ova."

"Ana njaa. Na amemkumbuka dereva wake. Ova."

Nikasikia shamba zima linacheka.

Baada ya siku mbili mama mkwe akatokea mlangoni na kibuyu kilekile. Mume wangu nyuma yake, ameoga. Nikasimama kumkinga mtoto.

"Shikamoo mama. Hapewi kitu."

"Marahaba. Kaa chini. Hiki ni chako. Maziwa na samli. Ng'ombe asiyelishwa utamkamua nini?"

"Mama, leo umenifanya ng'ombe?"

"Muulize mume wako. Yeye ndiye aliyeanza."

Gidabuday akainamisha kichwa, anacheka. Nikakipokea kile kibuyu, nikanywa mpaka tone la mwisho.